Kogo Bilhah na Mnyonya Damu wa Celine

Kwenye kibanda chetu cha kupimia majani chai, nje kidogo ya Roret, lori la kiwanda halina saa. Mvua ikinyesha barabara inakuwa uji, nasi tunakaa kando ya magunia yetu tukisubiri. Ndipo Celine, karani wa mizani, binti wa watu wa ziwani waliokuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, alipoanza kutusomea riwaya. Iliandikwa kwa Kiingereza. Yeye aliigeuza Kiswahili papo hapo ili kila mtu apate.

Ilikuwa habari za mnyonya damu. Mtu wa kale, asiyekufa, amechoka kuishi kwa damu za watu, akachukuliwa na malaika aonyeshwe mbingu na jehanamu ajue pake ni wapi. Nilidhani Celine amepotea njia. Wiki haikuisha kabla sijaanza kuchuma mbiombio nisikose mwanzo.

Lakini aliyesikiliza kutushinda sote ni Kogo Bilhah, na ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Kogo ni nyanya, na kila mtu humwita hivyo, hata Celine. Ni mjane mwenye mikono myepesi kwenye chai kuliko wasichana, na mdomo mkali pia: akikuta umechuma majani magumu atakuuliza kama unawapelekea mbuzi. Jambo moja tu hakulisema. Kitinda mimba wake, Kipkurui, alijitoa uhai miaka kadhaa iliyopita. Mchungaji hakuja. Tulimzika upesi karibu na ua, na tangu siku hiyo jina lake halikutajwa mbele za watu. Kogo aliendelea kwenda kanisani kila Jumapili, akikaa benchi la nyuma.

Alasiri moja Celine alifika mahali ambapo mnyonya damu amesimama nje ya lango la mbinguni. Mlinzi hakumuuliza dhambi zake. Alimwambia, "Akitokea mmoja humu ndani wa kukuita kwa jina lako, ingia." Yule mtu akangoja, akangoja, nasi tukangoja naye, mvua ikipiga mabati, na mimi nikajikuta nimeshika mkono wa jirani yangu. Hakuna aliyemwita. Akageuka akaenda zake.

Celine alifunga kitabu, na maoni yakamwagika.

"Hiyo kitabu ni ya kuchoma," akasema Johana, mzee wa kanisa, ambaye hakuwahi kukosa hata ukurasa mmoja. "Huko juu mtu haingii kwa kuitwa. Anaingia kwa kuokoka."

"Lakini mzee, huyo jamaa aliumwa tu," akasema Fancy, mdogo wetu pale. "Hakuomba kuwa hivyo. Mimi ningemfungulia."

"Umfungulie akunywe?"

Tukacheka. Kogo Bilhah hakucheka.

"Celine," akauliza, "mama yake hakuwa huko ndani?"

"Kitabu haisemi, Kogo."

"Basi mwenye kuiandika hajazaa," akasema, akainamia gunia lake.

Jumamosi hiyo tulikwenda kwa mwana mkubwa wa Kogo, Kiptanui. Mkewe Chepchirchir alikuwa ametoka hospitali ya Kapkatet na mtoto wa kiume. Sisi Wakipsigis, hata tuliookoka, wengi bado tunamtafutia mtoto jina lake la kurenet. Wanawake wakubwa huita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye amerudi. Zamani mtoto alinusishwa ugoro. Chepchirchir alikataa, nasi tukaona ana haki. Na kwetu kuna majina hayaitwi. Aliyejiua haitwi, asije akarudi na mzigo wake.

Kogo ndiye aliyeita. Akamwita babu, na baba wa babu, na ndugu zao wote. Mtoto alilala tu. Majina yakaisha. Mmoja wetu akashauri tuanze upya, lakini Kogo alikuwa ameweka vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa chai, juu ya paji la mtoto. Nilijua anachotaka kufanya, nikaogopa. Chepchirchir naye alijua, kwa maana alimvuta mtoto kifuani.

"Kipkurui," Kogo akaita.

Hakunong'ona. Aliita kama mama anavyomwita mtoto aliye mbali shambani, chakula kikiwa tayari.

Mtoto akafumbua macho, akakunja pua, akapiga chafya.

Mimi si mtu wa kuamini upesi, nasema nilichokiona. Desturi inataka tucheke na kushangilia kwamba mgeni amefika, lakini hakuna aliyethubutu, kwa sababu mtoto ni wa Chepchirchir na angeweza kulikataa jina hilo.

Kogo alipiga magoti. "Chamgei," akamwamkia mtoto, jinsi tunavyomwamkia mtu aliyetoka safari.

Salamu hiyo lazima ijibiwe, na mtoto mchanga hana ulimi. Tukangoja. Chepchirchir alimtazama mama mkwe wake, machozi yakimtiririka, kisha akamwinua mtoto na kumweka mikononi mwa Kogo.

"Chamgei mising," akajibu kwa niaba ya mtoto. "Nimefika, mama."