Mishale ya Karani wa Nyololo

Saa mbili asubuhi, baridi ya Nyololo bado haijaachia vidole, na Jailos anakoleza upya mshale mmoja kwenye karatasi ya baraza. Unatoka kwa Verediana, muuza pombe, unaelekea kwa Mika, fundi baiskeli.

"Verediana anasema kasikia kwa Mika," anaeleza. "Haya. Tazama Mika naye alimsukumia nani."

Jailos ni karani wa baraza, mwaka wa tisa sasa. Analipwa shilingi hamsini kwa mwezi, ana watoto sita, na hamwamini mtu upesi. Mwaka huu wa 1956 shaka yake imepata kazi. Halfani, mwenye duka la nguo barabarani, anavumishiwa kuwa ni mumiani, eti anakamua watu damu na kuiuza. Duka limefungwa siku kumi na moja na dirisha limevunjwa kwa mawe. Alhamisi baraza litaamua kama afukuzwe.

Jailos amehoji watu kumi na wanne. Wote wanajua, hakuna aliyeona. Mika alisikia kwa Fanueli, Fanueli kwa Tusajigwe, Tusajigwe kwa Verediana yuleyule. Wale kumi waliobaki walisikia kwa hao wanne.

"Habari hii haina baba wala mama," anasema. "Imejizaa."

Juzi mambo yakamgeukia. Watu saba wapya walikuja wenyewe kutoa ushahidi, wote wakidai wamethibitishiwa na mtu mmoja. Jailos akauliza ni nani.

"Si wewe, Bwana Karani?" mzee Eliezeri, mmoja wao, akamjibu. "Ungekuwa uongo ungeandika? Tumekuona unaandika."

Jailos aliona haya. Alijichora kwenye karatasi, na mishale saba ikamwelekea yeye.

Halfani, aliyejifungia ndani na mkewe Rukia, naye hamtaki. "Kila akija na daftari lake, jioni mawe yanazidi," anasema nyuma ya mlango uliofunguliwa kidogo tu.

Jailos anapanga kuisoma karatasi yote mbele ya baraza, akianza na jina lake mwenyewe. Anatumaini watu wakijiona walivyozunguka, watamwacha Halfani afungue duka.

Kisha anamkazia macho mwandishi wa habari hizi.

"Na wewe utayaandika haya?"

Anaambiwa ndiyo. Anamwuliza jina, analiandika pembeni mwa karatasi, na kulizungushia duara.

"Nakuwekea nafasi," anasema. "Gazeti lenu hufika hapa Jumatano, siku moja kabla ya baraza."