Gari Lililolala Mteremkoni

Katika safari zetu zote hatukuwahi kulala mahali tambarare. Si kwa kupenda. Rafiki yangu alikuwa na gari kuukuu la kulala ndani, lenye kitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua, alilolinunua kwa wazungu waliokuwa wakirudi kwao, na stata yake ilikuwa imekufa. Fundi mmoja wa Kisumu aliitengeneza, ikakaa siku chache, ikafa tena. Wa pili aliitazama, akacheka, akasema kipande hicho huku hakipatikani. Rafiki yangu akakata shauri kwamba stata ni starehe. Tangu hapo, kila tulipotaka kupiga kambi tulitafuta mteremko. Gari liliegeshwa likitazama chini, mawe yakawekwa mbele ya magurudumu. Asubuhi mtu anatoa mawe, dereva anaachia breki, gari linateremka lenyewe, na likishapata kasi, gia ikiwa imetiwa, anaachia klachi ili magurudumu yaamshe injini. Likiwa na hisani linakohoa na kuwaka.

Gari hilo tulilipa jina Dani, yaani bibi mzee kwa Kijaluo, kwa sababu alinuna kama bibi na tulimheshimu hivyohivyo. Dani akishawaka hakuna kuzima mpaka tufike. Akizima katikati ya barabara mahali pa tambarare, tunashuka tunasukuma, na kina mama wa kuuza nyanya wanasimama kututazama.

Tulikuwa watatu. Mwenye gari aliuza vitambaa sokoni, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, rafiki yangu tangu tukilala bweni moja. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, jitu la watu, lakini hakujua kuendesha hata mkokoteni. Wa tatu mimi, na sitawadanganya, mimi ni mwoga. Niliogopa breki za Dani, niliogopa gesi yake, na zaidi ya yote niliogopa yale mawe. Kule Muhoroni tuliwahi kulala kwenye kijia cha matrekta ya miwa, nikawa nateleza kidogo kidogo kitandani hadi nikajikuta nimekunjamana mlangoni, nikapiga kelele nikidhani tunakwenda. Kule Sondu mteremko ulikuwa mkali hata sufuria ya chai haikukubali kukaa jikoni. Mtaniuliza kwa nini niliendelea kwenda. Kwa sababu ya kicheko cha yule mwanamke, basi. Nikibaki nyumbani Jumamosi nilikuwa nasikia wanacheka bila mimi.

Sasa niambieni: mkiwa kando ya ziwa, mteremko unaelekea wapi?

Jumamosi hiyo tulitoka mjini mchana, tukapita Kisian, tukaendelea hadi ng'ambo ya Asembo, tukakata njia ya vumbi kwenda ufuoni. Tulipata mahali pazuri mno. Nyasi fupi zinazoteremka taratibu, chini yake ukanda wa kokoto, halafu maji. Upande wa kushoto, kandokando ya kokoto, njia ya ng'ombe iliyorudi juu barabarani. Mwenye gari alimwegesha Dani akitazama maji, akavuta breki ya mkono, ambayo ilikuwa pambo tu, akashuka akiimba.

"Hapa hapana," nikasema. "Kesho ukichelewa kukata kona tunaingia ziwani."

"Nyaminwa," akaniambia, kwa kuwa mimi aliniita hivyo, dada yetu, "kwani nimewahi kuchelewa?"

Hakuwahi. Sharti uliache gari lishuke moja kwa moja, alituambia mara nyingi, wala usikate kona mapema, kwa sababu ukikata mapema mteremko unaisha na kasi inakufa. Unangoja, unaachia klachi, linawaka, ndipo unakata. Alijua pale pa kungojea kama anavyojua urefu wa kitambaa kwa macho. Mimi niliongeza mawe mawili, mwalimu akanicheka, tukala samaki, tukalala.

Asubuhi jua lilikuwa limeshapanda nilipoona moshi ziwani. Nguzo kwa nguzo, mweusi, unayumba juu ya maji. Watu wa ziwa tunaujua moshi huo. Ni wadudu, wale wadogo kuliko mbu, wanaozaliwa majini kwa mamilioni na kupanda angani kwa pamoja. Kwa mbali wanapendeza. Mwenye gari alikuwa nje akichemsha chai, mgongo ameulekezea ziwa, upepo ukageuka. Tulikuwa hatujamaliza kumwita tayari wametufikia. Waliingia machoni, masikioni, kwenye chai. Ukifungua mdomo useme, unawameza. Mimi na mwalimu tulijifunika shuka tukaingia garini tukikohoa, na yeye akaingia nyuma yetu, na alipoketi nikasikia kifua chake.

Alikuwa na pumu tangu utotoni. Nimemwona akishikwa mara nyingi. Huwa anatoa inhela yake kwenye mkoba, anajipulizia mara mbili, anakaa kimya kidogo, kisha anaendelea na stori pale alipoachia. Safari hii alijipulizia, akatikisa kile kichupa, akajipulizia tena, kikatoa upepo mtupu. Akatutazama. Sijawahi kumwona akinitazama vile.

"Nyingine iko wapi?" mwalimu akauliza.

Akatikisa kichwa.

Tulifunga madirisha, tukapepea, tukampa maji ya moto. Kifua kikazidi kupiga mluzi. Aliketi ameinama mbele, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, na katikati ya shingo yake pakawa panabonyea kila akivuta pumzi. Nikampigia simu kijana wa bodaboda aliyetuuzia samaki jana yake. "Niko njiani, madam," akasema, na nyuma yake nikasikia kitanda kikilia. Mwalimu alitoka mbio hadi juu barabarani, akarudi, hakuna gari, hakuna mtu, ilikuwa Jumapili asubuhi na kila mtu alikuwa anaoga aende kanisani. Niliangalia midomo ya rafiki yangu. Ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Dada, tumpeleke hospitali na Dani," mwalimu akasema.

"Nani aendeshe?"

 Alinitazama tu, jitu lile zima, macho yamemjaa maji.

Gari langu la mjini halina klachi. Unakanyaga, linakwenda. Klachi niliiacha shule ya udereva nilipokuwa msichana, na hata huko mkufunzi wangu alikuwa akishika dashibodi kwa mikono miwili. Niliketi kwenye kiti cha Dani nikazitafuta pedali kwa macho kabla ya kuzitafuta kwa miguu. Mbele yangu kioo kizima kilikuwa ziwa. Hakukuwa na nafasi ya kujaribu mara mbili. Likikataa kuwaka, ama tumekwama kwenye kokoto, na watu wawili hawawezi kulisukuma gari lile kupanda, ama tuko majini na mtu asiyepumua.

Tulimketisha nyuma ya kiti changu, akaegemea mgongo wa kiti kwa kifua, mkono wake mmoja ukalala begani mwangu. Ndipo wazo likanijia. Nikageuza uso, nikamwambia, "Wewe ndiye unayejua pa kuachia klachi. Usiseme kitu. Ikifika, nifinye bega. Umesikia? Nifinye." Kichwa chake kikashuka, nikalichukua hilo kuwa ndiyo.

Mwalimu akatoa mawe. Nikaachia breki.

Dani hakwenda. Halafu akaenda. Polepole kwanza, vyombo vikaanza kugongana kabatini, mwalimu akasukuma kwa nyuma, akakimbia, akajirusha ndani kwa mlango wa ubavuni, gari zima likayumba. Nilikuwa nimetia gia ya pili na kukanyaga klachi kwa nguvu zangu zote. Nyasi zikapita. Yawa! Ziwa lilikuwa linakuja kama mtu anayekufuata akiwa na neno. Kila kitu mwilini mwangu kilisema achia sasa, kata kona sasa, na begani mkono ulikuwa umetulia tu. Nikangoja. "Dada!" mwalimu akapiga kelele. Nikangoja. Niliona kokoto. Niliona ndege mweupe kwenye maji akiinua shingo kutuangalia. Mkono bado umetulia, nami nikajiambia, kama yeye hajaogopa, na ndiye anayekufa, mimi ni nani? Magurudumu yakagusa kokoto, zikaanza kunguruma chini yetu, na hapo vidole vikanifinya hata nikasikia kucha zikiingia nyamani.

Nikaachia klachi.

Dani alipiga chafya. Alitikisika kama anakufa. Halafu akawaka, akanguruma, nami nikazungusha usukani kushoto kwa mikono na viwiko na tumbo, maji yakaruka yakafunika dirisha la upande wangu, na tukawa kwenye njia ya ng'ombe tunapanda. Mwalimu alikuwa anamlilia Mungu kwa sauti, "Nyasaye, Nyasaye," na mimi nilikuwa natukana, sijui nani.

Msidhani woga uliisha hapo. Kumbukeni gari hilo likizima halina kuwaka. Nilipanda hadi barabarani bila kusimama kuangalia kama kuna kinachokuja. Niliogopa kubadilisha gia, kwa hiyo sikubadilisha, injini ikawa inapiga kelele ya kuomba msaada na mimi namwambia vumilia Dani, vumilia mama. Ng'ombe walikuwa wanavuka, nikapita kati yao nikipiga honi, mchungaji akaniita jina ambalo siwezi kuliandika. Matuta ya barabarani niliyaruka. Na muda wote huo ule mkono ulikuwa begani mwangu, mzito, na nyuma ya sikio langu ule mluzi, unaingia, unatoka.

Kisha mluzi ukapungua. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikasema, "Unaona? Unapata nafuu." Ukapungua zaidi, ukaisha, na mkono ukateleza begani, ukaanguka.

"Mwalimu! Anapumua?"

Kimya.

"Nimekuuliza, anapumua?"

"Endesha, dada."

"Niambie kwanza!"

"Endesha tu."

Sikuweza kugeuka. Nikigeuka nitatoka barabarani, nikisimama Dani atazima na tutakuwa tumemuua sisi. Bega langu lilikuwa na baridi pale mkono ulipokuwa. Niliendesha nikiangalia mbele, na nilichoogopa kilikuwa nyuma yangu, karibu kiasi cha kukigusa, na sikukiangalia. Katika maisha yangu sijawahi kuogopa hivyo, na ninaomba nisiogope hivyo tena. Nilianza kumwambia mambo ya bwenini. Jinsi alivyokula uji wangu. Jinsi tulivyofukuzwa kwaya. Nikawa nacheka peke yangu, sauti kubwa, ili asikie mtu anacheka.

Langoni mwa hospitali askari aliinua mkono tusimame. Nilimpita, akatukimbilia kwa nyuma akipiga filimbi. Nilisimamisha gari mlangoni kabisa pa wagonjwa, Dani akazima hapohapo, na katika ule ukimya nikageuka. Mwalimu alikuwa amempakata kama mtoto, amempa pumzi zake mwenyewe tangu mkono ulipoanguka, ndiyo maana hakunijibu sawasawa. Walikuja wahudumu wawili wakiwa na machela, wakamchukua. Askari alifika akihema, akatutazama, akatia filimbi mfukoni. Alituletea viti.

Tulingoja. Mwalimu alikuwa na wadudu waliokufa nyweleni, nikawa nawatoa mmoja mmoja kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.  Kila mlango ulipofunguka tulisimama. Mwishowe akatoka mhudumu, mwanamke wa makamo, akasema, "Amerudi. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine." Mwalimu akaketi sakafuni.

Waliniruhusu kumwona kesho yake. Alikuwa ameegemea mito, amekonda kwa siku moja, bomba puani. Sauti ile kubwa ilikuwa imebaki kama ya mtu anayeongea kanisani. Nilimshika mkono. Nilitaka kumshukuru, nikasema, "Kama si wewe tungekuwa ziwani. Ulinifinya pale pale. Wala si mapema wala si kuchelewa. Uliwezaje kutulia vile, na hali ile?"

Alisogeza bomba puani.

"Nilikufinya?"

"Begani. Nilikuambia unifinye tukifika pa kuachia klachi, ukakubali."

"Nyaminwa, sikusikia kitu." Akavuta pumzi, akapumzika, akaendelea. "Masikio yalikuwa yamejaa mlio. Nakumbuka nilifungua macho nikaona maji kwenye kioo, maji matupu, nikajua tumekufa. Nikakushika."

 Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia.

"Halafu nikafumba macho," akasema. "Nilidhani wewe unajua."