Mfereji Mpya Siku ya Kuozwa Zuhura

Siku ile naiona hata sasa, mwanangu, kama iliyopita jana. Nilikuwa biarusi wa juzi, nimeolewa Likoni, na jioni ile wifi yangu Zuhura alikuwa aozwe. Mifereji ya mtaa ilikuwa imekauka siku nyingi. Tukanunua maji ya mkokoteni, tukajaza tangi la juu ya dari: hayo ndiyo ya pilau, ya vyombo, ya wageni kutawadhia. Mengine hatuna.

Asubuhi nikaenda uani kuosha mchele. Kufungua mfereji tu, kichwa chake kikang'oka mkononi mwangu, maji yakaruka hadi ukuta wa jirani. Nikayaziba kwa viganja, nikayaziba kwa leso, wapi! Shemeji yangu Hamisi akampigia fundi simu. Kumbe yuko Kongowea, harudi kabla ya alasiri. Na hadi alasiri tangi lingekuwa tupu.

Hapo akatoka mama mkwe wangu, Bi Mwanasiti, mtu wa maneno machache.

"Rehema!"

"Abee, mama."

"Wapigana na maji mdomoni mwake? Kayafunge yatokako."

Nikapanda ngazi mbio hadi kwenye tangi, nikakizungusha kilango cha kufungia maji kwenye bomba literemkalo mpaka kikagoma. Uani kukawa kimya. Nusu ya tangi ilikuwa imesalia, alhamdulillahi.

Nikamwomba Hamisi aende dukani alete mfereji mpya na tepu nyeupe ya kufungia. Akacheka. "Shemeji, hiyo si kazi ya kike. Tungoje fundi." Bi Mwanasiti akamtazama tu, naye akashika njia. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nikaufungua ule mkuukuu kwa spana, nikakwangua kutu mdomoni mwa bomba, nikayazungushia tepu meno ya mfereji mpya, nikaukaza. Maji kufunguliwa, likadondoka tone, na jingine. Nikashika spana nikaze kwa nguvu zangu zote. Mama mkwe akanishika mkono.

"Utaupasua, mwanangu. Ufungue uanze upya. Haraka haraka haina baraka."

Machozi yalinilenga, lakini Hamisi akapanda kuyafunga maji, nami nikaufungua. Nikaongeza tepu, nikaizungusha upande ule ule wa kukazia. Nikaukaza kwa mkono kwanza, kisha kwa spana, taratibu. Hamisi akafungua kule juu. Tukakodoa macho. Halikudondoka hata tone moja!

Vigelegele vilivyopigwa pale uani, wallahi, vya arusi yenyewe havikuvifikia. Fundi alipokuja, pilau ishainjikwa mekoni. Akaukagua mfereji, akaufunga, akaufungua. "Nani aliyefanya kazi hii?" Hamisi ndiye aliyejibu, kifua mbele: "Shemeji yangu!"

Basi mwanangu, nyumba uilalayo ijue. Jua maji yake yafungwa wapi kabla hayajakuvamia. Raba ya mfereji ikilika, ibadilishe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Likikufika jambo, usiliparamie lifokeapo, katafute lianziapo. Na ukikosea, fungua uanze tena. Kosa halikazwi kwa nguvu likawa sawa. Wala asikwambie mtu mikono yako haikuumbiwa kazi fulani. Ijaribu kwanza.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, akuepushe na aibu mbele ya wageni, na aijaze nyumba yako watu wa kuwapikia. Amin.