Kadi ya Kijani Kwenye Kikapu

Mwanangu, kuna Jumapili moja ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa darasa la pili katika shule moja ya mtaa wa Kamalondo, na sikujua kuwa swali la maneno matatu linaweza kumvua mtu mzima cheo chake. Nakuhadithia kwa sababu juzi nilikusikia uani, umemshika jirani yetu mkono, unamhoji: mama, utampigia nani kura? Yule mama akacheka, akatazama chini, akasema bado anafikiri. Wewe ukazidi kumng'ang'ania. Nikasema moyoni, huyu amerithi kitu kutoka kwangu.

Maana mimi nilikuwa mdadisi kupita kiasi. Nikiona sufuria imefunikwa, lazima nifunue. Dada yangu alificha barua za mchumba wake ndani ya gunia la unga, nami nikazipata, tena nikazisoma zote, na unga nikausingizia panya.

Wakati ule chama kilikuwa kimoja tu, na mgombea urais mmoja. Wewe uliyezoea picha za wagombea kila ukuta utauliza, sasa watu walichagua nini? Swali zuri. Kila mpiga kura alipewa kadi mbili, moja ya kijani na moja nyekundu. Gari lenye kipaza sauti lilizunguka Kamalondo wiki nzima likitangaza kwa Kifaransa: vert, kijani, ni espoir, yaani tumaini; rouge, nyekundu, ni chaos, yaani fujo. Ukiweka kijani unamtaka Rais, ukiweka nyekundu unataka fujo. Hebu niambie, nani atavaa nguo zake za misa atoke nyumbani kwenda kupigia fujo kura? Ujanja ule siupendi mpaka leo, na sioni haya kusema hivyo mbele ya watu wanaoukumbuka utawala ule kwa machozi ya furaha. Ukimwambia mtu achague kati ya tumaini na fujo, hujampa cha kuchagua. Lakini siku ile sikuwa nikifikiria siasa. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, yupo hata mmoja atakayethubutu kuweka nyekundu?

Darasa langu ndilo lililofanywa kituo cha kura. Mkubwa wa kituo alikuwa mkuu wa shule yetu, ambaye wote tulimwita Direkta, mtu mrefu na mpole, mwenye kuvaa tai hata akimwagilia mboga maji. Karibu na mlango aliketi Bwana Maurice, mjumbe wa Chama, miguu ameinyoosha kiasi kwamba kila aliyeingia ilibidi airuke. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina na kugawa kadi. Mpiga kura anaingia nyuma ya pazia, anatia kadi moja ndani ya bahasha, na ile nyingine anaitupa kwenye kikapu kilichowekwa hukohuko. Kisha anatoka na kutumbukiza bahasha sandukuni. Kikapu kikijaa, mimi nakimwaga.

Umeshaona kosa lilipo? Sanduku lilikuwa na kufuli, lakini kikapu kilikuwa wazi. Kadi iliyotupwa inakuambia iliyobaki ni ipi.

Asubuhi nilimwaga kikapu mara moja, nikakuta nyekundu tupu. Baadaye watu wakapungua. Tangu nimwage walikuwa wamepita tisa tu, kikapu hakijajaa hata robo, nami ningeweza kabisa kukaa kitini pangu. Nikajifanya naenda kunyoosha pazia, nikachungulia. Kadi zilikuwa tisa, nane nyekundu na moja ya kijani.

Sikufichi, nilifurahi. Nilifurahi kama siku ile ya barua kwenye unga. Nikatoka na kadi mkononi nikauliza kwa sauti ninayowaulizia watoto darasani:

"Nani alitupa vert?"

Bwana Maurice akakunja miguu yake, akasimama, akaichukua kadi mkononi mwangu na kuitazama pande zote mbili. Kisha akalivuta daftari la majina na kuanza kuhesabu kwa kidole, kutoka jina la mwisho kwenda juu.

"Hii bantu tisa," akasema, "kesho tutabaita bote."

Kuitwa wakati ule, mwanangu, hakukuwa kuitwa kwenye chai. Mtu mmoja wa mtaa wetu aliitwa kwa maneno aliyosema baa, akarudi baada ya miezi mingi hana kazi wala meno ya mbele. Na wale tisa niliwajua wote. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, muuguzi, mwashi na mkewe, na Tata Ngoie, mzee aliyezeekea kwenye tanuru za kuyeyushia shaba na kubakiza mwaka mmoja apumzike. Majina yao niliyaandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri ambao nilijivunia.

Ndipo Direkta alipoinuka.

"Ile kadi iko yangu, Bwana Maurice."

"Ya weye?"

"Ya miye. Nilipiga kura sasa hivi, saa ile bantu balipunguka."

"Mais... lakini jina yako haiko hapa."

"Nilisahabu kuandika. Leta, niandike."

Akaandika jina lake chini ya yale tisa. Mwanangu, kadi kwenye kikapu zilikuwa tisa. Kama Direkta angekuwa amepiga kura, zingekuwa kumi. Hesabu hiyo niliiona palepale, na kwa mara ya kwanza siku ile nikafunga mdomo wangu.

Saa kumi jioni sanduku likafunguliwa. Kijani, kijani, kijani, mpaka ikatoka nyekundu moja. Bwana Maurice aliidaka upesi na kuitia mfukoni, akachomoa ya kijani kwenye kifurushi changu na kuiweka mahali pake. Nadhani naye aliogopa, maana kituo chenye nyekundu hata moja kingemletea maswali yeye mwenyewe.

"Kituo yetu iko vert yote," akasema. "Munasikia? Na weye, Direkta, tutaonana."

Tulibaki wawili tukirudisha madawati. Nilikuwa nalia. Direkta akalishika dawati upande wa pili na kuniambia polepole:

"Godelive, macho yako iko muzuri, usiifunge. Mais mbele ya kuuliza, angalia kwanza ile swali itaanguka juu ya nani."

"Direkta, miye nilitaka tu kujua."

"Na Maurice naye iko anataka tu kujua."

Sijawahi kukaripiwa kwa maneno machache kiasi hicho, wala yaliyoniuma kiasi hicho. Kabla mwezi haujaisha ilifika barua: Direkta anahamishwa Kasungami, nje ya mji, kwenye kashule ka madarasa mawili, na si mkuu tena, bali mwalimu wa kawaida. Aliaga watoto, akafunga vitabu vyake kwenye baiskeli, akaenda. Sisi walimu tulisimama mlangoni tukimtazama.

Unadhani udadisi wangu ulikwisha? Aibu ilikuwapo, lakini kila nikikutana na mmoja wa wale tisa nilimtazama usoni na kujiuliza, ni wewe? Sikuuliza. Jibu likanifuata lenyewe.

Nilikwenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni langu. Fundi alikuwa ametoka kununua uzi, na kwenye benchi nikamkuta Tata Ngoie akingojea suruali yake. Tukasalimiana, tukaongea habari za mvua, mara akanisogelea, uso umejaa fahari.

"Mwalimu, miye ile siku nilitia rouge."

"Rouge, Tata?"

"Njo, ndiyo! Ile gari ilikuwa inapita kila siku, inasema vert ni espwar, rouge ni kao. Espwar miye sijue ni kintu gani. Mais kao najua: kao ni kukaa. Nikasema, Mukubwa akae! Tulichoka na vita, tulichoka kukimbia na batoto. Tena rouge njo shaba yenye ilishaiva. Vert ni jiwe ya shaba mbichi, haiyapita mu moto. Miye nitamupa Mukubwa jiwe?"

Mwanangu, neno chaos Wafaransa hulitamka hivyohivyo, kao. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na katikati ya kicheko nikakuta nalia. Kumbe katika kituo kizima, ambako wengi walitia kijani kwa woga tu, nyekundu ile moja ilitoka kwa mtu aliyempenda Rais kwa dhati. Na Bwana Maurice alipoibadilisha, alidhani anadanganya, kumbe ndipo alipoisema nia ya mzee sawasawa.

Ulimi uliniwasha kumweleza. Nikamwambia tu:

"Tata, kura iko siri. Usiseme tena kwa muntu."

"Hata kwa weye?"

"Hata kwa miye."

Sasa nilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa zito. Nikienda kwa wakubwa wa shule na kueleza kosa la mzee asiyejua Kifaransa, huenda Direkta angerudishiwa kiti chake. Lakini nani angeamini hadithi ya kao? Wangemwita mzee kwanza, na kuelewa kungekuja baadaye, kama kungekuja. Usiku nilijigeuza kitandani, mchana nilikosea kuandika ubaoni. Mwishowe nikaona Direkta ndiye aliyelipa, basi yeye ndiye mwenye haki ya kuamua. Nikafunga safari ya Kasungami kumpa lile jina.

Nilimkuta kati ya mistari ya viazi vitamu, na tai yake shingoni. Alikonda, lakini alifurahi kuniona. Akanipa karanga, akauliza habari za watoto mmoja mmoja. Nami nilikuwa natafuta pa kuanzia, aliponitangulia:

"Godelive, ulijua ni nani?"

Nikamtazama. Niliona anatamani kweli kujua; alikuwa mdadisi kama mimi, na alikuwa amenunua jibu lile kwa cheo chake. Jina lilikuwa mdomoni, nilikuwa nimelibeba njia nzima. Lakini nikafikiri: nikilisema hapa, itabidi naye alibebe, na siku moja akiulizwa na watu wabaya, atakuwa na cha kuficha.

"Hapana, Direkta. Sijue."

Aliniangalia. Nafikiri alijua ninadanganya. Kisha akatabasamu, akanimiminia karanga nyingine mkononi.

"Muzuri," akasema. "Sasa weye iko mwalimu."

Hakurudi Kamalondo. Alizeekea Kasungami, akazikwa huko, na lile jina hakulisikia. Hata wewe sijakupa, mwanangu. Ngoie ni jina nililolitunga leo, kwa sababu wajukuu wa yule mzee wanaishi mjini humu, na uchaguzi unakuja.

Basi nakuambia hivi. Udadisi wako usiuzime, ukiuzima utanihuzunisha. Upande wako ushike, bishana, cheka, vaa fulana yao ukipenda. Mimi nina upande wangu na unaujua, siwapendi wanaotaka nchi nzima ipige makofi kwa pamoja. Lakini maswali yako wapelekee wanaoomba kura. Waulize barabara iko wapi, mshahara wa mwalimu uko wapi, shaba inayochimbwa Kinsevere inaenda wapi, tena waulize kwa sauti, na wasipojibu rudia. Yule mama wa uani mwache. Kura ni yake, hata akiwa ameelewa vibaya, na hujui ni nani aliyeketi karibu na mlango akisikiliza.

Mungu aliyekupa macho hayo akuongezee nuru. Akujalie maswali ya kuwatisha wakubwa na kimya cha kuwalinda wadogo, na siku ukibeba jina la mtu, akupe kifua cha kulala nalo. Nenda salama, mwanangu, na kesho umsalimie yule mama, umuulize habari za watoto wake.