Hewa Nyepesi ya Milimani

Fundi wetu wa dizeli hapa kisiwani, Shumba, ni mtu wa maneno machache: huweka kiganja juu ya boneti, huinamisha kichwa, husikiliza. Jana bintiye, Shatha, alimpigia simu akiwa milimani Makete, huko bara, anampeleka mwanawe mgonjwa hospitali kwa gari kuukuu alilopewa na babake.

“Baba, linatoa moshi mweusi, halina nguvu! Linakufa?”

“Halifi, mwanangu. Huko juu hewa nyepesi, dizeli haiungui yote. Tia gia ndogo, usikanyage mafuta sana. Simu iache kitini, usikate, niisikie injini.”

Akaisikiliza injini mlima mzima, akinong'ona, “Haya, mama, haya.” Shatha aliposema wamefika na mtoto kapokewa, fundi alijifuta machozi kwa tambara la grisi, uso wote ukawa mweusi. Tukacheka sisi tuliokuwa naye gereji, naye akacheka, machozi yakimtoka bado.