Kikomo cha Bingwa

Wanamwita Mama Soseji, na soseji zake hazina nyama hata ya dawa. Anapikia kantini ya chuo cha wauguzi. Alizianzisha kwa kuwahurumia wanafunzi wasiokula nyama, waliokuwa wakiondoka na mboga baridi na nyuso zimewashuka. Huchemsha maharage mekundu, akayaponda pamoja na uyoga uliokaangwa mpaka ukaisha maji, akatia kitunguu saumu, pilipili manga na unga wa ngano wa kushikisha, kisha akaviringisha na kupika kwa mvuke. Siku hizi walaji nyama ndio wanaowahi foleni. Ukimuuliza kipimo cha pilipili, anajitia hamnazo.

Soseji hizo huzivunjavunja ndani ya mjazo wa mkate, yaani mkate na mboga vinavyookwa pamoja, na mjazo huo huuandaa nyumbani alasiri, akaupeleka chuoni kesho yake. Mkate uliolala anaukata vipande vidogo na kuukausha kwenye oveni ya moto mdogo. Anakaanga vitunguu na figili mpaka vilegee, anachanganya vyote, halafu anaanza kunyunyiza supu ya mboga. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, jamani. Wanamwaga supu yote kwa pupa, wanapata uji. Yeye hunyunyiza, akangoja mkate unywe, akanyunyiza tena, na hapo hutamsemesha akakuelewa.

Na ni hapo hapo, mikono yote miwili ikiwa ndani ya bakuli, ndipo marehemu mumewe humuuliza kutoka chumba cha nyuma.

“Nikitoe?”

Si kelele, si mzimu wa kugongagonga mabati. Ni swali tu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua na anataka mwenzake amuitikie. Hujibu kwa ukali, mate yakimruka: “Usikitoe! Nimesema usikiguse!” Kisha hubaki amesimama pale, akijua fika kwamba jibu hilo limechelewa.

Mumewe huyo mtaa mzima ulimwita Bingwa. Alikuwa karani wa duka la kubadilisha fedha, na duka lilipofungwa aliweka kompyuta chumba cha nyuma akaanza kufundisha watu kununua na kuuza sarafu mtandaoni. Na alifundisha vizuri, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Wenye pupa aliwafukuza mlangoni. Mgeni alianza na akaunti ya majaribio, yenye pesa za kuigiza, miezi na miezi, mpaka achoke kujiona mjanja. Akiingia sokoni kweli, aingie na kile tu ambacho kikipotea atakula na kulala kama kawaida. Na kabla ya kununua chochote, aweke kikomo, yaani bei ambayo ikifikiwa kompyuta yenyewe inafunga biashara ili hasara isiendelee. “Kikomo unakiweka ukiwa na akili,” Bingwa aliwaambia. “Ukishaingia sokoni akili huna tena, kwa hiyo usikiguse.”

Halafu alasiri moja yeye mwenyewe akanunua dola nyingi, dola ikaanza kushuka, bei ikakaribia kikomo. Akamuuliza mkewe kutoka chumbani: “Nikitoe? Naona bado kidogo, itarudi.” Mkewe alikuwa ananyunyiza supu. Hakugeuza hata shingo. “Mimi na dola wapi na wapi? Kitoe, bwana, unipumzishe!” Akacheka. Bingwa akakitoa.

Haikurudi. Akiba yao yote ilikwenda na maji. Bingwa hakupiga kelele wala hakumlaumu mtu, na afadhali angelaumu. Alinywea, akawa anakaa mlangoni anatazama miguu yake, hata siku aliyolala mchana asiamke. Mjane hakumwambia mtu yeyote kwamba aliulizwa. Angeanzia wapi?

Wifi yake, dada wa Bingwa, ndiye aliyemkuta siku moja akiufokea ukuta. Aliweka mkoba chini taratibu.

“Wifi, unagombana na nani?”

“Na kaka yako.”

Wifi hakucheka. Alivuta kiti, akamshika mikono yake yenye mafuta. “Sikia, wifi yangu. Unamjibu, ndiyo maana anarudi. Hata mimi ningekuwa nimekufa, nikapata wa kuongea naye, ningekuja kila siku. Nyamaza. Akiuliza, nyamaza tu, atachoka.”

Mama Soseji aliyaona maneno hayo yana akili, akaapa kunyamaza. Ila hofu yake kubwa haikuwa ya aliyekufa. Binti yao wa pekee, aliyekuwa akisubiri kazi bila kuipata, alikuwa amekalia kiti kile kile mbele ya kompyuta ile ile. Alikuwa na paji la uso la baba yake na subira ya baba yake. Alikaa na akaunti ya majaribio mpaka mama akaanza kusali asitoke kamwe kwenye hicho kiigizo. Mwisho akaingia kweli, kwa pesa kidogo aliyopata kwa kusuka nywele. Mama alitaka kumkataza akakosa mdomo. Utamkataza mtoto kitu gani, na akikuuliza kwa nini utasemaje?

“Usiwe na wasiwasi, mama,” binti alimwambia. “Naweka kikomo kila mara. Sheria za baba nazijua kuliko baba.”

“Hicho ndicho ninachokiogopa,” mama akajibu, na binti akadhani ni utani.

Basi siku ya kwanza ya kunyamaza ikafika. Alasiri, feni inavuma chumba cha nyuma, mkate umo bakulini, soseji zimeshavunjwavunjwa. Akanyunyiza supu mara ya kwanza. Swali likaja.

“Nikitoe?”

Mama Soseji aliuma midomo. Hakuwahi kufanya jambo gumu kama lile, kumnyamazia mume. Alinyunyiza tena, akabonyeza mkate kwa vidole, akahesabu pumzi zake. Kimya. Jamani, kimya kikaendelea, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi mabega yamemshuka. Akafunika trei, akaisukuma ndani ya oveni, akatabasamu peke yake kama mwendawazimu.

“Mama! Si nakuuliza wewe?”

Hakunawa. Alikimbia na mikono yake yenye makombo ya mkate mpaka chumba ambacho hakuwa amekanyaga tangu maiti itolewe. Binti alikuwa amejikunja mbele ya kompyuta, mstari mwekundu unashuka, kidole kiko juu ya kipanya.

“Umekitoa?”

“Nimekitoa sasa hivi. Nimekuuliza ukanyamaza, nikajua hujali. Usiogope, mama. Bado kidogo, itarudi.”

Kusikia maneno yale kinywani mwa mwanawe, Mama Soseji hakungoja. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa binti, akausukuma mshale mpaka mahali palipoandikwa “Funga,” akabonyeza. Biashara ikafungwa, hasara ikaandikwa pale kwenye kioo, hasara ndogo tu, ya kichwa kimoja cha kusuka.

“Mama!”

“Nisikilize. Baba yako aliniuliza hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyemwambia akitoe. Mimi, mama yako. Sikumtazama hata usoni.” Alilia kwa kwikwi, na binti akamkumbatia, naye analia, makombo yamewajaa wote wawili. Mama alihisi amevuka. Ameusema ukweli, amemuokoa mwanawe, basi tena.

Walikaa hivyo mpaka harufu ya mjazo ikajaa nyumba. Mama akaenda kufunua trei ili juu pakauke vizuri. Aliporudi akamkuta binti ameigeukia tena kompyuta, machozi hayajakauka mashavuni, lakini macho makavu.

Mstari ulikuwa umepanda. Ulikuwa umepita pale aliponunulia, ukapita tena, na bado ulikuwa unapanda.

“Umeona?” binti akasema polepole. “Imerudi.”

“Mwanangu, leo imerudi. Leo tu.”

“Ningekuwa na faida sasa hivi.”

“Na baba yako je?”

“Baba hakuwa na bahati.” Alisema bila hasira, kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyomsumbua siku nyingi. Akafuta makombo mgongoni mwa mkono wake, akakivuta kiti karibu na meza. “Sikulaumu, mama, najua umeogopa. Lakini siku nyingine sitakuuliza.”

Mama Soseji alirudi jikoni akasimama mbele ya oveni. Kesho yake alasiri alinyunyiza supu huku ametega masikio, na siku iliyofuata pia, akiomba aulizwe. Chumba cha nyuma kulikuwa na mlio wa feni tu.