Siku Waliponiuliza Juu ya Bibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kijijini kwetu upande wa Kasekese, ilikuwa mwiko kuteka maji ya chemchemi kwa sufuria yenye masizi. Bibi, mama yake baba, alituambia chemchemi ina mwenyewe, na mwenyewe huyo hapendi uchafu, hapendi kelele, na hapendi shoka. Maji yalitoka chini ya mikuyu minne, yakaingia kwenye tanki la zege, kisha bomba likayashusha kijijini. Mimi niliamini mwenye maji anakaa kwenye mizizi. Kila nilipoinama kuteka nilimsalimia kimoyomoyo.

Aliyeikata mikuyu ile ni baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi. Alitaka kulima mpunga pale penye unyevu. Bibi alimfuata mpaka pale, mimi nikiwa nyuma yake, akasimama mbele ya wanaume waliokuja kumsaidia.

"Nyie kateni tu," akasema. "Mwenye maji ataondoka. Na akiondoka, haendi mikono mitupu."

Baba mdogo alicheka. "Mama, siku hizi maji ni ya serikali."

Mpunga wa mwaka ule ulikubali. Kiangazi cha pili bomba likawa linatoa hewa tu, na mama zetu wakaanza kuchimba mashimo kwenye mchanga wa mto, chini ya ukingo. Dada yangu Restuta alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshuka shimoni na kopo. Mimi nilikaa juu kupokea ndoo. Asubuhi hiyo alinipa ndoo ya pili, akasema, "Usimwage, imechukua muda."

Nilikuwa nimegeuka kuiweka chini niliposikia ukingo ukishuka. Haukupiga kishindo. Ilikuwa sauti kama ya gunia la mahindi linapomwagwa. Nilipotazama, shimo halikuwepo.

Walimfukua kwa majembe, kisha kwa mikono. Mama aliendelea kumpangusa mchanga mdomoni kwa kanga yake muda mrefu baada ya sisi wote kujua.

Siku ya tatu ya msiba wazee waliniita. Baba mdogo alikuwa kati yao, na yeye ndiye aliyeuliza.

"Ulimsikia bibi yako akisema mwenye maji ataondoka na mtu?"

Bibi hakusema mtu. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mimi nilitaka kurudi kwa mama. Nikajibu, "Ndiyo."

"Sasa yeye alijuaje?" wakaulizana.

Bibi aliondoka mchana, jua likiwa kali, mkeka kichwani, watu wakimtazama kutoka milangoni. Alikwenda kwa shangazi, Majengo, Mpanda mjini. Baba hakumsindikiza. Bibi hakurudi tena, alifia huko.

Sasa nina watoto wangu, na nimo kwenye kamati ya maji ya kijiji. Tanki la zamani linakarabatiwa, mabomba yanabadilishwa, na kandokando ya mto tunapanda mikuyu. Juzi mkutanoni injinia, kijana mpole, alitueleza kwamba mizizi ndiyo inayoshika ukingo na kutunza maji ardhini. "Mkikata tena, maji yataondoka," akasema, "na watu wataumia." Alipigiwa makofi. Baba mdogo, mzee sasa, naye alipiga.

Nikanyanyuka. "Hayo tuliambiwa zamani," nikasema. "Aliyetuambia tukamwita mchawi."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akanishukuru, akaendelea na ajenda nyingine.

Sijui kama chemchemi ile ilikuwa na mwenyewe. Nadhani Bibi aliijua kwa kuitazama miaka mingi, akatuonya kwa maneno aliyokuwa nayo, na maneno hayohayo yakamfukuza. Nilikaa chini kabla sijamaliza kusema. Sikuwaambia kwamba siku wazee walipohitaji shahidi, shahidi nilikuwa mimi.